Kibaba Kabla ya Haba

Ndugu msomaji, usishtuke ukikuta habari za kompyuta katikati ya hadithi na mashairi. Sikuja kukufundisha ufundi huo, wala sina cheti chake. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, kibarua wa kuchapa barua na maombi ya kazi ya watu katika duka moja la steshenari, na mwenye riwaya ambayo haijaisha. Nilichokuja nacho ni swali, na swali lenyewe si la mafundi peke yao: je, ni haki mtu kushika nafasi ambayo bado hajaijaza? Mzee wa mtaani kwetu akilisikia atadhani nazungumzia viwanja. Mwanasiasa atadhani nazungumzia vyeo. Mimi lilinijia nikijifunza lugha ya C, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya dukani baada ya wateja kuondoka, na tangu hapo halijanitoka.

Tuanze na neno letu wenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye kazi nyingi: kutunga. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, mimba hutungwa, na hadithi nayo hutungwa. Bibi anayetunga shanga na kijana anayetunga riwaya, kwa lugha yetu, wana kazi moja: kuweka kimoja baada ya kingine mpaka kitu kizima kitokee. Ajabu ni kwamba kompyuta nayo hutunga vivyo hivyo. Maandishi katika lugha ya C ni herufi zilizopangwa moja baada ya nyingine ndani ya kumbukumbu ya mashine, kila herufi katika kijumba chake cha baiti moja. Mpangilio huo nitauita tungo. Jina Asha lina herufi nne lakini huchukua vijumba vitano, kwa sababu katika cha tano huwekwa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo fundo la uzi: yasema hapa ndipo mwisho. Hakuna mahali pengine palipoandikwa urefu wa tungo. Ukitaka kuujua unaanzia herufi ya kwanza, unatembea, unahesabu, mpaka ujikwae kwenye sifuri.

Lugha hiyo iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey huko Marekani, kati ya mwaka 1969 na 1973. Mashine yao ya PDP-11 ya mwanzo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Picha moja tu uliyopiga jana kwa simu yako haienei humo. Katika ufinyu ule kila baiti ilikuwa na thamani, lakini Ritchie mwenyewe alipokuja kueleza mwaka 1993 kwa nini walichagua fundo badala ya kuandika idadi, alitaja sababu nyingine pia: kijumba kidogo cha kuandikia idadi kingewawekea mpaka. Kijumba cha baiti moja hakihesabu kupita 255. Fundo halina mpaka. Uzi waweza kwenda utakapo. Nampenda marehemu kwa hilo. Alikataa kumwambia mtunzi mapema kwamba hadithi yako isizidi hapa.

Lakini uhuru huo una ada yake. Katika C kuna amri iitwayo strcat, ambayo kazi yake ni kuunga tungo moja nyuma ya nyingine. Strcat haijui mwisho uko wapi. Huambiwa tu shanga ya kwanza iko wapi, na kila ukiiita hushika shanga hiyo ya kwanza na kuteleza na uzi mzima hadi kwenye fundo, ndipo iongeze kipya. Ukiiita tena, haikumbuki kwamba ilikuwa pale sasa hivi. Inaanza upya.

Hebu tuhesabu, maana bila hesabu haya yatabaki porojo za kijiweni. Nina vipande 1,000 vya maandishi, kila kimoja herufi 10, nataka niviunge viwe tungo moja ya herufi 10,000. Kabla ya kuunga kipande cha pili strcat hutembea herufi 10, kabla ya cha tatu herufi 20, na kabla ya cha mwisho herufi 9,990. Jumlisha zote: ni hatua 4,995,000 za kutafuta mwisho, kwa ajili ya kuandika herufi 10,000. Na ukiongeza vipande mara kumi, matembezi hayaongezeki mara kumi. Yanakaribia mara mia. Mashine ya leo ni nyepesi, kwa vipande elfu hutaona kitu. Leta vipande laki mbili, ukachemshe chai urudi.

Hapa baadhi yenu mnacheka, najua. Maana tunao wenzetu ambao kila wakikaa kuandika lazima waanze kusoma ukurasa wa kwanza, wapite wa pili, warekebishe nukta, na wakifika walipoishia jana mafuta ya taa yameisha, au umeme umekatika, au usingizi umewajia. Huyo si mvivu jamani. Anafanya kazi kubwa kuliko sisi. Isipokuwa kazi yake karibu yote ni kutafuta alipoishia.

Dawa ya sehemu hii ni nyepesi: weka alama mwishoni. Badala ya kushika mahali tungo inapoanzia peke yake, shika vitu vitatu pamoja: inapoanzia, kiasi kilichojazwa, na nafasi yote iliyopo. Kifurushi hicho mafundi hukiita bafa. Kikija kipande kipya huna haja ya kutembea. Unaruka moja kwa moja hadi mwisho, unaweka, unaongeza hesabu, basi. Hatua milioni tano zimefutika kwa kukumbuka namba moja.

Kumbe hapo ndipo shida yenyewe inapoanza. Maana nilisema vitu vitatu, na cha tatu ni nafasi yote iliyopo. Nafasi hiyo inatoka wapi, na uombe kiasi gani?

Katika C kumbukumbu huombwa. Kuna amri iitwayo realloc ambayo unaiambia: nafasi yangu ni ile pale, sasa nahitaji kiasi kile. Realloc hutazama kama pembeni yako pako wazi. Kama pako wazi, hukusogezea ukuta. Kama jirani yumo, hukutafutia mahali pengine, huhamisha kila ulicho nacho, herufi kwa herufi, na kuirudisha nyumba ya zamani. Sasa mfikirie mtu mwenye haya, aliyelelewa vizuri, asiyetaka makuu. Kila kikija kipande cha herufi 10 anaomba baiti 10 tu, si zaidi. Akibahatika, pembeni huwa pako wazi. Akikosa bahati atahamishwa kila mara, na hesabu ya kuhamisha ni ile ile: 10, kisha 20, kisha 30, hadi 9,990. Milioni tano kasoro kidogo zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwingine ana tabia tofauti. Anaanza na baiti 16, na kila zikijaa anaomba mara mbili ya alizokuwa nazo: 32, 64, 128, hivyo hivyo hadi 16,384. Huyu katika kazi nzima anahama mara 10 tu, na herufi zote atakazohamisha, hata akikosa bahati kila mara, hazizidi 16,368. Linganisha na milioni tano. Lakini akimaliza, herufi zake 10,000 pamoja na sifuri yake zimekaa katika nyumba ya baiti 16,384, na baiti 6,383 ziko tupu. Hakuna aliyezitumia, na kwa muda wote ule hakuna mwingine aliyeweza kuzitumia.

Nani kati ya hawa wawili ni mtu mwema?

Mimi nilivyolelewa ningejibu bila kufikiri: wa kwanza. Tumefundishwa kutojilimbikizia. Tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini hebu itazame methali hiyo tena, kwa macho ya fundi wa bafa. Haba na haba inajaza nini? Kibaba. Na kibaba ni nini kama si chombo kilichokuwa tupu, kilichowekwa pale na mtu kabla punje ya kwanza haijadondoka? Wahenga hawakusema kwamba haba na haba hujijengea kibaba. Chombo kilikuwepo kwanza. Mtu alishika nafasi tupu, akaiamini, ndipo yale madogo madogo yakawa na mahali pa kukusanyikia. Methali tunayowatupia wenye pupa imebeba ndani yake pishi zima la nafasi ya akiba, na sisi hatukuiona.

Tena unyenyekevu wa yule wa kwanza nauona sasa una kasoro. Ni kama mgeni anayeomba maji nusu glasi, akimaliza anaomba nusu nyingine, na nyingine, mpaka mwenye nyumba amekwenda mtungini mara kumi. Mgeni atasema hakuchukua kingi. Kweli, lakini miguu si yake. Kuna kujinyima ambako gharama yake inalipwa na mtu mwingine, na huko siwezi kukuita wema kwa sababu tu kunaonekana kwa macho kuwa kudogo.

Na kuna wa tatu ambaye ni hatari kuliko wote wawili: asiyeuliza nafasi kabisa. Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye mtandao wa wakati ule. Njia mojawapo aliyoitumia ilikuwa programu ndogo iliyopokea maandishi kwa amri iitwayo gets na kuyamimina katika bafa ya baiti 512 bila kuuliza kama yanaenea. Yakaletwa yaliyozidi. Yaliyozidi yakafurika kwenye vijumba vya jirani, na jirani mwenyewe ndiye aliyeshika maagizo ya mahali pa kwenda baada ya kazi ile. Maelfu ya kompyuta yalikwama. Amri ya gets ilikuja kuondolewa katika kanuni za C mwaka 2011, miaka 23 baadaye. C ni lugha inayokuamini. Ukiiambia andika, inaandika, hata kama ni juu ya mali ya mwenzio.

Basi kushika nafasi mapema si dhambi. Lakini nisije nikaeleweka vibaya na mabwana wenye viwanja vinane Kigamboni vilivyoota magugu. Anayeomba mara mbili hapewi tu kwa kuwa ameomba. Tazama vizuri masharti yake. Kwanza, anaomba pale tu nafasi ya awali ilipojaa. Pili, anachopewa kinapimwa kwa alichokwisha kujaza. Mwenye herufi 16 hapati nyumba ya elfu kumi. Kila hatua anaishi katika nyumba ambayo, siku ya kuhamia, nusu yake imekwisha kujazwa kwa jasho lake. Huyo hajilimbikizii, anafanya kazi. Mwenye viwanja vinane hana hata tofali moja juu ya jingine, na bado anatafuta cha tisa.

Hata hivyo mafundi wenyewe hawakubaliani ni kiasi gani kinatosha, na ugomvi wao umenifundisha zaidi kuliko vitabu vingi vya maadili. Ukiongeza mara mbili kila safari, nyumba ulizoacha nyuma hazitakufaa tena kamwe: 16 na 32 na 64 ukizijumlisha zote hupati 128. Unapita unaacha magofu ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyarudia. Lakini ukiongeza nusu tu, yaani 16, 24, 36, 54, 81, basi safari ya tano unapohitaji 121, nyumba nne za mwanzo ulizoziacha zina jumla ya 130. Kama zilikuwa zimepakana, unaweza kurudi kuishi humo. Programu ya Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 na ambayo waandishi wa programu dunia nzima huitumia kutunzia matoleo ya kazi zao, imechukua njia ya kiasi kama hiyo: huongeza 16 juu ya ilichonacho, kisha huzidisha kwa moja na nusu.

Anayenivutia zaidi ni Salvatore Sanfilippo, mtu wa Sicily, aliyeanzisha programu ya Redis mwaka 2009. Tungo zake huruhusiwa kujiongeza mara mbili zikiwa bado ndogo. Zikifika baiti 1,048,576, ruhusa inakoma. Kuanzia hapo akiba haizidi kiasi hicho hicho kila mara, hata tungo iwe kubwa namna gani. Sikiliza jambo hilo, msomaji. Mdogo anapewa akiba inayolingana na yeye mzima. Mkubwa anapewa akiba yenye kikomo. Si kwa sababu mkubwa ni mbaya, bali nusu ya kitu kikubwa ikikaa tupu ni hasara inayogusa wengine wote walio katika mashine ile. Mimi sijawahi kusikia hoja ya kuwawekea mipaka wenye nacho ikisemwa kwa maneno machache kuliko mistari ile michache ya C. Wala haikuandikwa na mwanasiasa.

Utaniuliza, na huyo anayegawa kumbukumbu, yeye ni mwaminifu? Hapana, si sana. Linux kwa desturi yake huahidi zaidi ya ilichonacho. Ukiomba, inakuambia chukua, lakini haikupi kitu mpaka siku utakapoigusa ile nafasi kwa mara ya kwanza. Inabahatisha kwamba wengi hawatajaza walichoomba. Bahati ikikataa, wote wakaja kudai siku moja, inachagua programu mojawapo na kuiua. Wakazi wa Dar es Salaam wataielewa habari hii upesi kuliko Wamarekani: kiwanja kimoja, hati mbili, na siku ya kuanza kuchimba msingi ndipo wenye hati wanapokutana.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaninyima usingizi, maana wengine mtadhani ninacheza na namba.

Kwetu Tandika nyumba yetu ina vyumba vitatu. Kimoja analala Mama na wajukuu wake wawili. Cha pili kimepangishwa, na kodi yake ndiyo unga wetu. Cha tatu kimefungwa kwa kufuli. Ni cha kaka yangu, aliyekwenda Afrika Kusini mwaka 2019 kutafuta maisha, na ambaye ujumbe wake huja mara moja moja, kama mvua za vuli. Mimi nalala sebuleni na wadogo zangu. Naandika pale pale televisheni ikizimwa, daftari juu ya paja, mpaka mmoja aseme taa inamuumiza macho. Riwaya yangu imefika sura ya saba. Kuna meza nzuri ya mninga katika kile chumba, naiona dirishani, ina vumbi la miaka.

Nilimwendea Mama jioni moja akiwa anachambua mchele. Nilikuwa nimejipanga. Nikamweleza habari zote hizi, kwa mifano ya vibaba na ndoo, si ya baiti. Nikamwambia, Mama, kushika nafasi tupu ni haki kwa anayeendelea kujaza. Kaka hajaleta hata kijiko ndani ya kile chumba tangu aondoke. Kwa kanuni yoyote ya haki, chumba kile kirudi kwa wanaohitaji.

Mama hakukasirika. Alipepeta, akapuliza pumba, akaniuliza: "Na hiyo kompyuta yako, baba, inajuaje kwamba mwenye kuandika amemaliza?"

Nikanyamaza. Kwa sababu jibu, ndugu msomaji, ni kwamba haijui. Ziko lugha nyingine za programu zenye mfagizi wake anayepita kukusanya vilivyoachwa, lakini hata huyo huangalia tu kama bado kuna mtu anayeshika anwani ya mahali pale. Maadamu kuna anayeishika, hagusi. C haina hata mfagizi huyo. Mwenyewe ndiye anayetakiwa kusema nimemaliza, chukueni, na amri ya kusema hivyo huitwa free. Asiposema, nafasi hubaki imeshikwa mpaka programu nzima ife. Hiyo mafundi huiita uvujaji, na ni hasara kweli, huweza kuilemaza mashine. Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo wanaliogopa zaidi. Ni pale nafasi inaporudishwa wakati mwenyewe bado hajamaliza. Inagawiwa kwa mwingine, mwingine anapanga vitu vyake, halafu yule wa kwanza anarudi na anwani yake mkononi, hana habari, anaanza kuandika. Anaharibu kazi ya mwenzake, na anachosoma humo akidhani ni chake si chake tena. Wadukuzi hulipenda sana kosa hilo. Kuchelewa kuachia kunakula mali. Kuwahi kuachia kunadhulumu watu wawili kwa mpigo, aliyetolewa na aliyeingizwa.

Mama hakuyajua hayo. Aliendelea na mchele wake, kisha akasema kile chumba mimi ndiye ninayekiona kitupu. Kaka yangu huko aliko, akilala kwenye kitanda cha kupanga na watu sita wasiojuana majina, anajua kipo. "Nikikifungua leo," alisema, "nitakuwa nimemwambia kitu ambacho sijui kama nataka kumwambia."

Siwezi kusema amenishinda. Bado naamini miaka mingi ya kufuli ni mingi, na bado mgongo unaniuma. Lakini nimeona mahali ambapo hesabu yangu ilikuwa na tobo. Bafa hupima haki ya kushika nafasi kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na hilo linafaa kwa herufi kwa sababu herufi huonekana. Namba ya kilichojazwa imeandikwa pale, haibishaniwi. Kwa mtu, mara nyingi kilichojazwa hakionekani dirishani. Na mtu akikaa kimya huwezi kujua kama amemaliza au amepumzika. Sisi watunzi tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa hivyo. Ni mara ngapi mtu ameliona daftari lako halina neno jipya mwezi mzima, akakushauri kwa huruma uliuze kwa wafungaji wa karanga?

Hata hivyo lugha ya C inakubali jambo moja ambalo Mama na mimi hatukuwa tumelifikiria. Realloc siyo ya kuongeza tu. Unaweza kuiita kwa kiasi kidogo kuliko ulichonacho: nabaki na hiki, kile kilichozidi chukueni. Tungo haiguswi, anwani ya mwenyewe mara nyingi inabaki ile ile, na sehemu iliyokuwa wazi inarudi kwa wenzake. Mafundi wengi hufanya hivyo wakishamaliza kuunga, ile dakika wanapojua kwamba hapataongezwa kitu. Lakini ni mwenyewe anayeita. Jirani hawezi kumwitia.

Kwa hiyo sikuomba tena ufunguo. Nilimwandikia kaka. Nilimwambia kitanda chake kibaki, sanduku lake libaki, picha ya marehemu Baba ibaki ukutani, na kufuli hata likitoka lirudishwe siku hiyo hiyo atakaposema. Mimi ninachotaka ni meza ya mninga, mchana na usiku, mpaka nimalize sura zilizobaki, na nikamtajia idadi yake, tisa, ili asidhani naomba bila kipimo. Ujumbe nimeupeleka Jumapili. Mpaka leo, Alhamisi, una tiki moja.